Genge la Mwanga ambako mboga inakunywa kwa mguu

Jumatano iliyopita nilitoka shule saa nane mchana, jua la Septemba likiwa limekaa juu ya mabati, nikapitia genge la mboga ninalolitegemea hapa Mwanga, Kigoma. Saa kama hizo mboga nyingi za sokoni zimeshalala. Lengalenga, yaani mchicha, zimetepeta juu ya gunia, matembele yamejikunja, na muuzaji anarusha maji kwa kiganja kila baada ya dakika chache. Kwenye genge hili lengalenga zilikuwa zimesimama. Nilishika fungu kwa chini nikaliinua, majani yakabaki yametazama juu, hakuna hata moja lililoangukia upande. Nikakunja shina moja kwa kidole, likakatika kwa mlio.

Nafundisha biolojia sekondari, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba, na nyumbani napikia watu saba. Genge hili nalijua kwa njia mbili: nanunua hapo mboga ya jioni, na nanunua hapo vifaa vya darasa. Wengi mmeniuliza kwenye kikoba kwa nini mboga zangu hazilali. Jibu liko hapa, na ni refu kidogo.

Genge halina bango. Ukitoka soko la Mwanga kwa miguu kuelekea Ujiji, liko mkono wa kushoto, chini ya turubai la bluu lililofunikwa majani ya mchikichi, na nyuma yake kuna migomba mitano. Mwenyewe ni mama wa makamo. Mimi namwita dada, yeye ananiita mwalimu, na asubuhi hunipokea kwa "Mwakeye" kabla sijafungua pochi. Kijana wake huleta mboga kwa baiskeli kutoka bonde la mto Luiche. Na hapo ndipo sifa za genge hili zinapoanzia: mboga huchumwa saa kumi na moja alfajiri, jua halijatoka, na kabla ya saa mbili zimeshafika.

Nilimuuliza kwa nini alfajiri wakati wengine wanachuma jioni ili walale wametulia. Akanijibu, "Usiku zinashiba, mwalimu."

Hakuna neno la kurekebisha katika jibu hilo. Mchana jani lina vitundu vidogo mno, vingi vikiwa upande wa chini, ambavyo hufunguka ili jani livute hewa linayotengenezea chakula. Vikifunguka, maji hutoka kama mvuke, na jua likiwa kali mizizi hairudishi kwa kasi inayotosha. Usiku vitundu hivyo hufunga, mizizi inaendelea kuvuta, na ikifika alfajiri kila seli imejaa. Ukipita kwenye matuta ya Luiche saa kumi na mbili utaona matone madogo kwenye ncha na kingo za majani. Watu huyaita umande, lakini mengine ni maji yaliyosukumwa kutoka ndani, kutoka mizizini. Kasisi mmoja Mwingereza, Stephen Hales, alikata mzabibu akafunga bomba la kioo kwenye kisiki ili aone maji yatapanda kiasi gani. Yalipanda zaidi ya mita 6. Vipimo vyake vilichapishwa mwaka 1727. Kila nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo nawaambia wafikirie nyumba ya ghorofa moja na kisiki kinachosukuma maji hadi juu ya paa lake, bila pampu, bila umeme.

Mboga zikifika, kazi inaanza, na hapa nataka nikae, kwa sababu kazi hii ndiyo mnayoilipia.

Dada hazimwagi juu ya gunia. Ana mabeseni matatu mapana yenye maji ya bomba, kimo cha vidole viwili. Anachukua kila fungu, anazamisha miguu yake ndani ya maji, na huko huko majini anakata ncha za mashina kwa kisu, kipande cha urefu wa kucha. Kisha analisimamisha fungu humo humo kama mtu anayepanga maua, chini ya kivuli, na kulizungushia gunia la katani lililolowa ili upepo wa ziwani usilipige. Maji anabadilisha saa nne na saa saba. Nimemwona akifanya hivyo hata siku ya mkusanyiko wa watu, foleni imefika barabarani.

Nilimuuliza kwa nini hanyunyizi kama wenzake. "Mboga inakunywa kwa mguu," alisema. "Ukiimwagia kichwani unaipoza tu."

Niliandika maneno hayo nyuma ya daftari la mahudhurio na nimeyatumia darasani tangu siku hiyo. Kunyunyiza kunasaidia kidogo, kwa sababu kunalowesha hewa iliyo karibu na jani na kupunguza mvuke unaotoka. Ila kiu ya mboga iliyokatwa iko kwenye mirija ya ndani ya shina, myembamba kuliko unywele, iliyokuwa ikileta maji kutoka mizizini. Ukikata shina hewani, mirija hiyo inavuta hewa, na kiputo kikikaa ndani ya mrija maji hayapiti tena. Ndiyo maana kukata tena ndani ya maji kuna faida: kile kipande chenye hewa kinaondoka, na mrija unakutana na maji moja kwa moja. Hakuna aliyemfundisha. Anasema aliona tofauti kwa macho, akaendelea.

Sasa, kwa nini maji yalisimamishe jani? Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hudhani mmea una kitu kama mifupa ndani. Lengalenga changa haina kitu cha namna hiyo kinachotosha kuibeba. Inachobeba nacho ni msukumo.

Chukua mpira wa miguu wa ngozi. Ngozi peke yake imelegea, ukiiweka chini inalala. Kile kibofu cha ndani peke yake ni laini, ukikijaza upepo bila ngozi kitavimba mpaka kipasuke. Viweke pamoja, jaza upepo, na unapata kitu kigumu unachoweza kukisimamia. Seli ya mmea imejengwa hivyo. Nje kuna ukuta wa selulosi, nyuzi ngumu zilizosukwa ambazo hazitanuki kirahisi. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba unaochagua kipi kipite na kipi kibaki. Na ndani zaidi kuna mfuko mkubwa wa maji, vakuoli, ambao kwenye seli iliyokomaa unaweza kuchukua zaidi ya nusu ya nafasi yote, hata sehemu nane au tisa kati ya kumi. Maji hayo yana chumvi na sukari ndani yake. Kwa sababu ya hizo chumvi na sukari, maji ya nje huvutwa kuingia kupitia ule utando, yanajaa, yanasukuma ukuta, na ukuta unasukuma kurudi. Pale nguvu hizo mbili zinapolingana, seli imekakamaa. Seli moja iliyokakamaa inaikandamiza ya jirani, nayo inaikandamiza nyingine, na jani lote linasimama.

Mnaopanda bodaboda mnajua fundi akijaza upepo wa tairi anasoma kama 30 kwenye kipimo. Huo ni kama mara mbili ya mkandamizo wa hewa inayotuzunguka. Ndani ya seli ya jani lililoshiba, msukumo wa maji mara nyingi unakuwa kati ya mara tatu na mara kumi ya mkandamizo wa hewa. Yaani fungu la lengalenga la shilingi mia tano, lile unalolitupia kwenye kikapu bila kuliangalia, limebeba ndani yake msukumo unaolizidi tairi la pikipiki. Nilipowaambia kidato cha pili hivyo, darasa lilinyamaza, kisha kijana mmoja akauliza kwa nini basi halilipuki ukilikata. Ni swali zuri. Seli ni ndogo mno na kila moja imefungwa kivyake. Kisu kinafungua chache tu, zile zilizo kwenye mstari wa kukata, na ule mlio unaousikia shina likivunjika ndio kuta zilizokazwa zikiachia.

Mtu wa kwanza kuandika kuhusu vyumba hivi alikuwa Robert Hooke, mwaka 1665, alipotazama kipande cha kizibo kwa hadubini yake. Aliona kuta tu. Kizibo ni tishu iliyokufa, vyumba vimebaki bila maji, na kile kinachousimamisha mmea hai hakikuwepo mbele ya jicho lake.

Kwa darasa, genge hili limeniokoa mara nyingi. Shule yetu haina hadubini ya kutosha kila mwanafunzi, lakini msukumo wa maji unaonekana bila hadubini. Dada huniwekea vikonyo vya majani ya mpapai, vibichi, virefu, hatozi hela. Tunakata kila kikonyo vipande vya urefu wa kidole, tunapasua ncha moja mara nne kama unavyopasua bua la muwa, tunaweka kimoja kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Baada ya dakika ishirini kile cha maji matupu kimefunguka kama ua, vipande vinne vimejikunja kwenda nje. Seli laini za ndani zimekunywa na kutanuka, na ngozi ya nje yenye nta haikutanuka, kwa hiyo kipande kinapinda kuelekea upande wa ngozi. Kile cha chumvi kimelegea, vipande vyake vinarudi ndani, na ukikishika kinapinda kama kamba. Chumvi ya nje imezidi ya ndani, maji yametoka. Mwaka huu binti mmoja alikitoa kile kilicholegea akakisuuza na kukiweka kwenye maji matupu bila kuambiwa, akasubiri mpaka kengele ilipolia. Kilikuwa kimeanza kufunguka. Alikikimbiza ofisini kunionyesha, maji yakimdondokea kwenye sketi.

Jaribio la nyumbani nililifanya kwa ajili ya tathmini hii. Nilinunua fungu moja saa tatu asubuhi, nikaligawa mara mbili, kila nusu gramu 200 kwenye mizani yangu ya jikoni. Nusu moja niliisimamisha kwenye jagi lenye maji kidogo, nusu nyingine niliilaza mezani karibu na dirisha linalotazama ziwani. Saa kumi jioni ile ya kwenye jagi ilikuwa na gramu 203. Ile ya mezani ilikuwa na 168, na ilikuwa imelala kama nguo. Hizo gramu 32 ni maji matupu yaliyoondoka, maana mboga ya majani sehemu kama tisa kati ya kumi ya uzito wake ni maji. Nikakata ncha zake ndani ya maji, nikaisimamisha. Saa mbili usiku ilikuwa imesimama tena, gramu 195. Tawi moja niliacha makusudi mezani mpaka kesho yake mchana, nikaliweka kwenye maji, halikurudi. Ukifika mahali pale, ule utando wa ndani umeharibika, na seli haiwezi tena kushika maji hata ukiizamisha ziwani.

Hilo ndilo ninalotaka mnunuzi alijue, kwa sababu kuna mboga iliyolala ambayo bado ni nzima na kuna mboga iliyolala ambayo imeshaondoka, na bei zake hazifai kuwa sawa. Dada anajua. Mafungu ya jana anayatenga kwenye beseni dogo na kuyauza mia mbili, na anasema wazi kwamba ni ya jana. Ukiyafikisha nyumbani ukayasimamisha nusu saa kwenye maji ya baridi, mengi yanarudi. Yale ya kingo nyeusi na zenye utelezi anampa jirani mwenye mbuzi.

Kuna sehemu nyingine, sitaitaja, ambako mwaka jana nilinunua matembele yaliyokuwa yamesimama vizuri sana saa tisa alasiri. Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani. Yalikuwa yameamshwa kwa kuzamishwa mzima mzima kwenye ndoo ya maji ya mtaro. Nilikuta mchanga, nikakuta harufu, nikayamwaga yote na kuosha sufuria mara mbili. Mwanangu wa mwisho alikuwa ameshatafuna jani moja bichi, na usiku ule sikulala. Yaliyonisumbua zaidi ni kwamba kanuni ile ile ninayoifundisha kwa mapenzi ilitumika kunidanganya. Mmea hauchagui maji, unakunywa uliyopewa. Kwa hiyo ukinunua popote, uliza maji ya beseni yametoka wapi, na yaangalie.

Turudi kwenye genge. Anauza pia majani ya maboga, na anakuachia kazi ya kumenya zile nyuzi. Mimi hupenda kuzimenya mwenyewe. Nyuzi hizo ndizo nguzo za kikonyo: seli zenye kuta zilizoongezewa unene, hasa kwenye kona zinapokutana, zimepangwa nje kabisa, karibu na ngozi, na katikati kikonyo kina uwazi. Tazama baiskeli ya kijana wake. Fremu yake ni bomba tupu ndani, na inabeba magunia mawili kutoka Luiche. Kikonyo cha jani la boga kimejengwa kwa akili hiyo, kwa hiyo kinabeba jani pana kama sahani bila kutumia vifaa vingi. Na bado, mchana wa jua kali, jani la boga shambani linalala. Nyuzi zinalizuia lisivunjike tu, kulisimamisha wima bado ni kazi ya maji. Jioni linaamka lenyewe.

Sombe, yaani kisamvu, anauza mbichi, kwa mafungu, na iliyotwangwa, kwa vikombe. Chukueni iliyotwangwa kama imetwangwa siku hiyo. Jani la muhogo hutunza sumu yake kwa werevu: ndani ya vakuoli kuna kitu kiitwacho linamarini, na kwenye ukuta wa seli kuna kimeng'enya kinachokivunja na kutoa sayanidi. Wakati seli ni nzima vitu hivi viwili havikutani. Kinu kinapobomoa vyumba, vinakutana, sayanidi inatoka, na ukichemsha sufuria ikiwa wazi inapotea na mvuke. Bibi zetu wa huku waliotwanga sombe mpaka ikawa laini kabisa na kuichemsha muda mrefu walikuwa wanafanya jambo la lazima. Dada anatwanga vizuri, haachi vipande. Nimeipima kwa vidole.

Wakati wa kusubiri chenji, angalieni migomba nyuma ya genge. Mmoja una mkungu mzito na umeegemezwa kwa mti wenye panda. Watu wengi wanauita mti, lakini kile kinachoonekana kama gogo ni sehemu za chini za majani zilizoviringishana, moja ndani ya nyingine, kila moja imejaa maji na vyumba vya hewa na nyuzi chache. Ndiyo maana mgomba mnene kuliko paja la mtu unakatwa kwa panga mara moja, maji yakamwagika, na ndiyo maana upepo wa ziwani ukija na mvua za Novemba unaulaza. Mchikichi ulio ng'ambo ya barabara haulali. Huo nao hauna gogo linalonenepa mwaka hadi mwaka kama mwembe, lakini shina lake limejaa nyuzi zilizokazwa kwa lignini, kile kitu kinachoipa mbao ugumu, zile za nje zikiwa zimesongamana na ngumu kuliko za katikati, na unaweza kufika mita 20 bila mtu wa kuuegemeza. Lignini ikishaingia ukutani, maji hayahitajiki tena ili kusimama. Bua la mahindi lililokauka mwezi wa sita bado limesimama shambani, na lengalenga ya jana iko chini.

Kasoro zipo, na dada ameniruhusu niziandike.

Ya kwanza ni ndizi mbivu. Anazitundika juu ya mabeseni ya mboga kwa sababu hakuna nafasi kwingine, na ndizi inayoiva hutoa gesi, ethilini, ambayo inaharakisha majani kuwa ya njano. Mara mbili nimekuta lengalenga zimesimama vizuri na bado zina majani ya njano chini. Msukumo wa maji hauzuii hilo. Nilipomweleza alizihamishia upande wa nazi, lakini Jumatano zilikuwa zimerudi pale pale.

Ya pili ni kachumbari. Saa sita huwa anakata nyanya, vitunguu na matango kwenye bakuli kwa ajili ya mafundi wa gereji ya jirani wanaokula ugali na migebuka, na anatia chumvi mapema. Ikifika saa saba na nusu bakuli lina supu, na matango yanatafunika kama kitambaa. Chumvi imeyavuta maji yote nje. Dada yangu, chumvi itiwe mteja akiwa mbele yako. Hilo peke yake litakupa wateja wengine kumi.

Ya tatu, karoti na hoho hazipati huduma wanayopata majani. Zinakaa kavu kwenye meza, na kufikia Alhamisi hoho zina mikunjo. Karoti iliyolegea ukiitia kwenye maji usiku kucha inarudi kuwa ngumu, lakini hoho ina nta nje na hainywi kwa ngozi, kwa hiyo afadhali anunue chache.

Pia anafunga saa kumi na moja jioni kamili, jambo ambalo kwa sisi tunaotoka kazini jioni ni gumu, na Jumapili hafungui mpaka baada ya ibada. Mafungu ya Agosti na Septemba ni madogo kuliko ya Februari kwa bei ile ile. Hapo simlaumu, kiangazi ni kiangazi.

Bei nilizolipa wiki hii: lengalenga mia tano, matembele mia tatu, majani ya maboga mia tano, sombe iliyotwangwa elfu moja kikombe kikubwa. Pale sokoni utapata kwa mia moja au mia mbili chini ya hapo. Mimi nalipa tofauti hiyo bila kusita, kwa sababu fungu lake linakaa siku mbili kwenye jagi bila friji, na nyumbani kwangu friji ipo ila umeme ndio wenye maamuzi. Hafungii mboga kwenye mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019 anafungia kwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto kidogo ili lilainike lisipasuke. Jani hilo linatunza unyevu njiani vizuri kuliko ile mifuko ya kitambaa ya barabarani. Hata kule kulilainisha kwa moto ni somo: joto limelegeza seli, ule ukakamavu umeondoka, jani linakunjika bila kuchanika.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku ndizi zikihama moja kwa moja.

Jumatano ile nilinunua mafungu matatu. Jioni nilikaanga kitunguu kwenye mawese, nikatia lengalenga, sufuria ikajaa mpaka mfuniko ukakaa juu juu. Mwanangu wa mwisho anapenda kusimama pale na kutazama zikishuka. Dakika tatu, nne, joto linaharibu ule utando, maji yanatoka kwenye seli zote kwa pamoja, na rundo lililofika juu linabaki kiganja cha mboga chini ya sufuria, maji yake yakichemka kuizunguka. Tulikula na ugali wa muhogo na dagaa. Kwa Jumatatu nimeagiza vikonyo vya mpapai arobaini na viwili, kimoja kwa kila mwanafunzi, na dada amesema safari hii atakuja shuleni kuviona vikifunguka.